Matumizi na Utunzaji wa Jiko la Kuni Majumbani

Wananchi wote wa Unguja na Pemba, wakiwamo watumishi wa Serikali wanaoishi katika nyumba za kazi, wanakumbushwa kuwa moto wa kupikia ni moto kama moto mwengine wowote. Ukiangaliwa vyema hupika chakula. Ukiachwa peke yake huunguza nyumba, na moshi wake hudhuru kifua hata pale ambapo hapana kilichoungua. Maelezo yafuatayo yametayarishwa ili kila anayetumia jiko la kuni afahamu namna linavyofanya kazi, hatari zilizomo na njia za kujikinga.

Ni kweli kuwa nyumba nyingi za mjini hivi sasa hupikia gesi au umeme. Hata hivyo, mashamba na vijijini kuni, makumbi na vifuu vingali vikitumika kila siku. Na hata mjini, panapokuwa na arusi, khitma au maulidi, masufuria makubwa ya pilau hutelekwa uani juu ya moto wa kuni, mara nyingi na watu wasiozoea kazi hiyo. Kwa hivyo suala hili linamhusu kila mmoja.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na mapishi majumbani ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Maradhi yanayohusika ni pamoja na homa ya mapafu kwa watoto, na maradhi ya moyo, kiharusi, maradhi sugu ya mapafu na saratani ya mapafu kwa watu wazima. Wanaodhurika zaidi ni wale wakaao karibu na moto, nao ni mama na mtoto aliye mgongoni mwake.

1. MOSHI UNATOKA WAPI

Kuni ikipata joto hutoa kwanza maji yaliyomo ndani yake, kisha hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayowaka na kuonekana kama ndimi za moto. Ikiwa joto ni dogo au hewa haitoshi, gesi hupaa kabla ya kuungua, nayo ndiyo moshi. Ina maana kwamba moshi ni kuni iliyopotea: mpishi ameibeba, ameipasua na kuitia jikoni, lakini haikupika kitu. Kazi ya jiko zuri ni kuhakikisha kuwa gesi hiyo inaungua yote, na kwamba joto lake linaingia chunguni badala ya kutawanyika ubavuni.

Mafiga matatu yaliyo wazi ndiyo yanayopoteza zaidi. Katika hali ya kawaida, asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni huingia chunguni. Kilichobaki huchukuliwa na upepo. Jiko lililozungushiwa udongo, lenye mdomo mdogo na chungu kilichokaa ndani yake, hupunguza upotevu huo na hutumia kuni chache zaidi kwa chakula kile kile.

2. KUNI ZIFAAZO NA ZISIZOFAA

Kuni mbichi inaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Maji hayo hayana budi kuchemka na kupaa kabla ya kuni kuwaka sawasawa, na joto linalotumika kwa kazi hiyo ni hasara tupu. Kuni ifaayo ni ile ambayo maji yake yamepungua na kuwa chini ya asilimia 20. Haihitajiki chombo cha kupimia. Kuni kavu ni nyepesi, ncha zake zina mipasuko, ganda lake hubanduka kwa urahisi, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa sauti kali badala ya kishindo kizito.

Magogo yapasuliwe mapema, kwani kuni hukauka upesi zaidi pale ilipopasuliwa kuliko kupitia kwenye ganda. Zipangwe juu ya uchaga ulioinuliwa kutoka ardhini, zifunikwe juu tu na kuachwa wazi ubavuni ili upepo upite. Wakati unaofaa kwa kazi hiyo ni wa kaskazi, na ule wa kipupwe baada ya masika. Anayengojea mvua ianze ndipo atafute kuni atapika kwa moshi mpaka mvua zikatike. Uchaga uwe mbali na mlango wa jiko, na anayechukua kuni atazame kwanza anapotia mkono, kwani nyoka na nge hupenda kujificha humo.

Vifuu na makumbi makavu huwaka upesi na kwa joto kali, hivyo vinafaa kuwashia na kuchochea. Visijazwe jikoni kwa wingi, kwa sababu ndimi zake hupanda ghafla. Makuti makavu ni ya kuwashia tu. Yakishika moto, vipande vyake vyepesi huruka na kuweza kutua juu ya paa.

Vitu vifuatavyo havifai kabisa kutiwa jikoni:

(a) Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia wadudu, zikiwamo za mashua kuukuu. Moshi wake una sumu, na jivu lake pia.

(b) Magogo yaliyookotwa pwani yakiwa yamelowa maji ya bahari. Chumvi iliyomo huongeza sumu katika moshi na hula chuma cha jiko na dohani.

(c) Plastiki, mipira, vipande vya magodoro na vitambaa vya nailoni, hata kama ni vya kuwashia tu.

3. PAHALA PA JIKO NA UJENZI WAKE

Jiko la kuni likae katika banda lake, mbali na nyumba ya kulala, hasa ikiwa nyumba imeezekwa kwa makuti. Banda la jiko lenyewe ni bora liezekwe kwa bati. Kitu chochote kinachoweza kushika moto, kama ukuta wa makuti, pazia, magunia, mikeka au kuni za akiba, kiwe mbali na jiko kwa mita 1 au zaidi. Baadhi ya nyumba hukausha kuni kwenye uchaga uliopo juu ya moto. Desturi hiyo ni ya hatari, kwani kuni iliyokwisha kukauka juu ya ndimi za moto haina tofauti na iliyokwisha kuwashwa.

Mdomo wa jiko usielekezwe kunakotoka upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka upande wa kusini na kusini mashariki, basi mjenzi azingatie pepo zote mbili. Upepo ukiingia moja kwa moja hurusha cheche na kuirejesha moshi usoni mwa mpishi.

Kuhusu mawe, inafaa ifahamike kuwa jiwe la matumbawe si jiwe la mafiga. Ni jiwe lile lile linalochomwa katika matanuu ili kupata chokaa. Likipata moto mkali kwa muda mrefu hudhoofika na kumomonyoka, na sufuria iliyojaa uji au mchuzi wa moto huweza kupinduka bila ya taarifa. Likiwa limelowa, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo. Jiko lijengwe kwa udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, au yatumike matofali ya udongo yaliyochomwa. Jiko jipya la udongo liachwe likauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha lipashwe kwa moto mdogo mdogo kabla ya kutumika. Likiharakishwa, hupasuka.

Chungu kikae imara. Kabla ya kuwasha moto, mpishi akitikise kwa mkono; kikicheza, jiko litengenezwe kwanza. Kwa masufuria makubwa ya shughuli, mafiga yachimbiwe chini kidogo na ardhi isawazishwe, na wasimamizi wawe watu wazima.

4. KUWASHA NA KUENDESHA MOTO

Jivu la jana liondolewe ili hewa ipate njia. Moto uwashwe kwa vijiti vyembamba, nyuzi za makumbi au karatasi kavu, kisha ziongezwe kuni ndogo, na mwisho kuni za kawaida. Mafuta ya taa yasimiminwe juu ya moto unaofuka au makaa yaliyo hai. Yakigusa joto hugeuka mvuke, na mvuke huo hulipuka kufuata njia ya mkono mpaka kwenye chupa. Petroli isitumike kwa hali yoyote ile.

Kuni mbili au tatu nyembamba hupika vizuri zaidi kuliko gogo moja nene. Zisukumwe ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua, na mdomo wa jiko usizibwe wote kwa kuni. Pabakie nafasi ya hewa kupita chini yake. Moshi mwingi unapotokea si dalili ya kuwa kuni hazitoshi. Aghlabu ni dalili kuwa zimezidi au ni mbichi.

Kufunika chungu, kuroweka maharage au choroko tangu usiku, na kupunguza moto chakula kinapoanza kuchemka ni mambo madogo yanayopunguza kuni na moshi kwa pamoja. Maji yakishachemka hayazidi kupata joto kwa kuongezewa kuni. Yanapungua tu chunguni.

Mapishi yakimalizika, kuni zitolewe jikoni na kuzimwa nje kwa mchanga au maji. Maji yasimwagwe juu ya jiko la udongo lililo moto, kwa kuwa hulipasua. Hapana ruhusa ya kulala wala kwenda sokoni kwa kutegemea kuwa moto utazimika wenyewe.

5. DOHANI, MASIZI NA JIVU

Majiko yenye dohani hutoa moshi nje ya banda, na manufaa yake kwa afya ni makubwa iwapo dohani inatunzwa. Bomba la chuma lisiguse mbao wala makuti. Pahala linapopita katika paa pazungushiwe bati au udongo, na ncha yake ipande juu ya paa. Dohani isipitishwe katika paa la makuti.

Moshi wa kuni mbichi unapopoa ndani ya dohani huacha masizi pamoja na utomvu mweusi mfano wa lami. Vitu hivyo vinaweza kushika moto. Inapotokea, husikika mngurumo ndani ya bomba, na bomba huweza kuwa jekundu. Katika hali hiyo mdomo wa jiko uzibwe ili hewa isiingie, watu wote watoke, na Zimamoto waarifiwe. Maji yasimiminwe ndani ya dohani iliyo moto.

Dohani isafishwe kabla masizi hayajafikia unene wa milimita 3. Kazi ifanywe jiko likiwa limepoa kabisa, kwa burashi ya waya au fundo la makumbi lililofungwa kwenye kamba, na anayesafisha ajifunge kitambaa puani na mdomoni.

Jivu nalo lina hadaa yake. Kwa juu huonekana limepoa, na ndani makaa huweza kubaki hai kwa muda wa siku kadhaa. Lizolewe kwa koleo la chuma, litiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, na kuwekwa nje juu ya ardhi tupu. Lisitiwe katika ndoo ya plastiki, pakacha wala gunia, na lisitupwe kwenye jaa lenye makuti makavu. Likishapoa linafaa kusugulia vyombo na kutiwa bustanini kwa kiasi. Katika maeneo ya ardhi ya mawe lisitiwe kwa wingi, kwa sababu udongo wa huko tayari una chokaa nyingi na jivu huizidisha hali hiyo.

6. HEWA ISIYOONEKANA

Wengi huamini kuwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari nayo imeisha. Sivyo. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haikerezi koo. Ikivutwa, huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, huchafukwa na moyo, na akiwa amelala huweza kufa bila ya kuamka.

Kwa hivyo seredani ya makaa isiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, ama kwa ajili ya kujipasha moto wakati wa baridi ya kipupwe au kukausha nguo wakati wa masika. Inasisitizwa hasa kwa wale wenye desturi ya kumwekea mzazi makaa chini ya kitanda. Nia ya desturi hiyo ni njema, nayo ni kumpa mama joto na faraja baada ya kujifungua. Lakini mtoto mchanga aliye katika chumba hicho hana uwezo wa kusema kuwa kichwa kinamuuma. Mama huweza kupata joto kwa maji ya moto, nguo nzito na vinywaji vya moto, na chumba kikabaki na hewa safi.

Iwapo watu zaidi ya mmoja katika chumba kimoja wataumwa na kichwa kwa wakati mmoja, watolewe nje mara moja, milango ifunguliwe, na wapelekwe hospitali hata kama wanajihisi wamepata nafuu.

7. WATOTO NA MAVAZI

Pachorwe mstari au pajengwe kizingiti kuzunguka jiko, na mtoto azoeshwe kuwa hapo hapavukwi. Mishikio ya sufuria na ncha za kuni zisitokeze kwenye njia. Maji ya moto na uji vinaunguza kama moto wenyewe, hivyo visiwekwe chini sakafuni.

Mpishi afunge kanga yake vizuri na kukunja mikono ya nguo. Mabuibui na mitandio ya nailoni ivuliwe kabla ya kukaribia moto, kwani vitambaa hivyo huyeyuka na kugandamana na ngozi. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwe karibu na banda la jiko wakati wote wa mapishi.

8. AJALI IKITOKEA

Mafuta yakishika moto katika karai, yafunikwe kwa kifuniko au sinia, kuni zitolewe, na karai lisiondolewe hapo. Maji hayafai: hugeuka mvuke chini ya mafuta na kuyarusha yakiwa yanawaka.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe kwa blangeti zito.

Paa likishika moto, watu watoke kwanza. Hapana kitu ndani ya nyumba chenye thamani ya kumrudisha mtu. Majirani waamshwe, Zimamoto waarifiwe, na wenye nafasi walowanishe mapaa ya jirani.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Maji ya barafu yasitumike. Pete, bangili na nguo ziondolewe kabla ya kuvimba, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, jivu, yai, mafuta au unga visipakwe, kwani huzuia joto kutoka, huleta uchafu na humpa daktari kazi ya kuviondoa juu ya jeraha bichi. Mtoto aliyeungua, na mtu yeyote aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri au kwa eneo kubwa, apelekwe bila ya kuchelewa katika kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitamhamishia hospitali kubwa ikihitajika.

9. RATIBA YA UTUNZAJI

Kila siku: kuondoa jivu, kutazama uimara wa chungu, kuhakikisha moto umezimwa kabla ya kulala.

Kila wiki: kufagia masizi na utando wa buibui darini, kuangalia nyufa katika jiko na kuziba kwa udongo mbichi.

Kila mwezi: kukagua dohani, kuipiga burashi, kuangalia kama bomba limeliwa na kutu. Karibu na pwani kutu huenda mbio zaidi.

Kila mwaka, kabla ya masika: kulijenga upya jiko lililochoka, kutengeneza paa la banda, kuhamishia kuni kavu pahala pasipovuja.

10. MITI NA SIKU ZIJAZO

Wananchi wanakumbushwa pia kuwa ukataji wa miti unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Maliasili za Misitu, Nambari 10 ya mwaka 1996. Anayetaka kukata kuni katika msitu au mikoko aulize kwanza utaratibu wa kibali kwa Sheha wa shehia yake. Mikoko huzuia bahari isile ufukwe na ni malezi ya samaki; kuikata kwa ajili ya chungu kimoja ni kukosa kitoweo cha vyungu vingi vijavyo.

Mnamo Mei 2024 Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa yule mwenye uwezo wa kuhama kutoka kuni, kuhama ndiko kunakopendekezwa. Kwa yule ambaye bado hajajaaliwa, afya ya watu wa nyumba yake haiwezi kungoja mwaka huo. Kuni kavu, mdomo mdogo wa jiko, dohani safi na mtu mzima aliye macho ni mambo yaliyo katika uwezo wa kila nyumba kuanzia leo.

Masheha, walimu na wakuu wa idara wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa wale wasioweza kuyasoma wenyewe, na kuyabandika pahala panapoonekana.